Mfalme wa Nane

Marehemu alikuwa kitabu.

Alilazwa juu ya mto wa mahameli nyekundu, ndani ya sanduku la kioo, katikati ya ukumbi wenye baridi ya kuhifadhia samaki. Umri wake ulikuwa miaka mia sita na ushee. Jeraha lilikuwa moja tu: ukurasa uliokatwa kwa kisu chembamba karibu kabisa na mshono, ukaacha nyuma ukanda wa karatasi wenye upana wa ukucha. Waombolezaji walikuwa wanane, wote ndani ya suti, na mmoja wao alikuwa akijipangusa macho kwa kitambaa cha hariri.

Inspekta Masuda Marhun wa Upelelezi wa Jinai alisimama mlangoni akawatazama. Wiki iliyotangulia alikuwa ameitwa kwenye jengo moja la Oud Metha, ambako fundi alianguka kutoka ghorofa ya tisa. Kule hakukuwa na kitambaa cha hariri. Kulikuwa na msimamizi aliyeuliza kama kazi ingeweza kuendelea baada ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo Masuda aliingia ukumbini akiwa na hasira tayari. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Machi, mwaka 2014, saa tatu kasorobo asubuhi, mtaa wa Al Mankhool, Dubai, na siku ilikuwa haijapata hata nafasi ya kumkosea.

"Mwizi tumeshamkamata," alisema mwenye kitabu, Bwana Rafiq, mtu mrefu mwenye ndevu zilizochongwa na doa jeusi kando ya pua. Alizaliwa Mombasa, baba yake akiuza mazulia, na Kiswahili chake kilikuwa safi cha dukani. "Tumekuwekea."

"Mmeniwekea wapi?"

"Stoo ya mafagio."

Masuda alidhani hakusikia vizuri. Alisikia vizuri. Stoo ilipofunguliwa, ndani yake alikuwamo mlinzi amekalishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kati ya mafagio na dawa za choo, mikono imefungwa kwa utepe wa plastiki wa kukazia nyaya. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri sana. Alipoona polisi alisimama wima, akajaribu kupiga saluti. Mikono miwili ikapanda pamoja.

"Kata," Masuda alimwambia Koplo Msellem.

Msellem akatoa kisu chake kidogo.

"Afande, huyo ni mshukiwa," alisema Rafiq.

"Mshukiwa ni wa polisi. Huyu wa kukalishwa kwenye ndoo ni wa nani?"

Utepe ulikatika, na viganja vya yule mlinzi vilikuwa vimevimba, vyekundu kama vilivyotolewa kwenye maji ya moto.

*

Ofisi ya Bwana Rafiq ilikuwa na kiti kimoja kirefu na viti vitatu vifupi. Masuda alikaa kwenye kile kirefu kabla hajakaribishwa. Rafiq alisitasita, kisha akachagua kifupi.

"Niambie kilichoibwa."

"Ukurasa wa thamani kuliko zote. Kitabu kinaitwa *Taji Saba*. Ni utenzi wa Kiajemi wa karne ya kumi na nne, beti elfu tisa, habari za wafalme." Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu aliyezoea kupigiwa makofi. Kila Alhamisi alikuwa akitoa mhadhara katika ukumbi ule juu ya uadilifu wa wafalme wa kale, na tende zilikuwa bure. "Zamani kule Uajemi, Inspekta, taji halikumfanya mtu mfalme. Kilichomfanya mfalme ni nuru. Nuru inakaa usoni pake. Siku akidhulumu, nuru inaondoka. Taji linabaki kichwani, lakini hata mbwa wa jikoni anajua kwamba pale hapana mfalme tena."

"Akimdhulumu nani?"

"Yeyote yule. Hata mchunga punda."

"Hata mlinzi?"

Rafiq alicheka kidogo, kama mtu anavyomcheka mtoto wa mgeni anapomwaga chai.

"Funguo za sanduku ziko ngapi?"

"Mbili. Yangu na ya Naftali, huyo mlinzi."

"Kamera?"

"Zilizimika saa moja na dakika kumi asubuhi. Zikarudi saa moja na nusu. Naftali alikuwa zamu, peke yake."

"Zinazimwa kutoka wapi?"

"Kutoka hapa ofisini. Lakini yeye ana ufunguo wa hapa pia. Anafungua milango yote asubuhi."

"Na kisu?"

"Kilikuwa kwenye mfuko wake wa chakula."

"Nani alikipata?"

"Mimi mwenyewe."

"Uliupekua mfuko wake kabla ya kuita polisi?"

"Ni mfanyakazi wangu."

"Mfuko ulikuwa wa nani?"

Rafiq alitazama saa yake. Ilikuwa saa nzuri.

"Na pasipoti yake iko wapi?" aliuliza Masuda.

"Kwenye sefu yangu. Kwa usalama wake."

"Kwa usalama wake," alirudia Msellem akiandika, kwa uso wa mtu anayenakili sala.

Walipotoka nje, simu ya Masuda ililia. Alikuwa mkuu wake. Bwana Rafiq alikuwa amekwisha kumpigia mara tatu, yeye na marafiki zake wawili wenye vyeo. Kisu kipo, ufunguo upo, mshukiwa yupo. Kama hakuna jipya kufikia kesho saa sita mchana, jalada liende kwa mwendesha mashtaka.

"Tunaharakia wapi, mkuu?"

"Masuda, usinianze."

Mkuu akakata simu. Msellem, ambaye bibi yake na bibi yake Masuda walitoka mtaa mmoja wa Unguja na kugombana hadi wote wawili walipozikwa Dubai, alimfungulia mlango wa gari.

"Da Masuda, umeshaanza kusaga meno."

"Endesha."

*

"Jina."

"Naftali Barasa."

"Kazi."

"Mlinzi, afande. Miaka mitatu kwa sir. Miezi kumi na minne hapo kwa kitabu."

"Kisu ni chako?"

"Hapana."

"Kimefikaje kwenye mfuko wako?"

"Mfuko wangu huwa unakaa kwa jikoni, chini ya sinki. Mimi siruhusiwi kuingia nao ukumbini. Mtu yeyote anaweza kutia hata ng'ombe mle."

"Saa moja na dakika kumi ulikuwa wapi?"

"Chini, kwa lango. Sir alinituma nikangoje maua ya ukumbi. Nikangoja. Maua hayakuja."

"Alikutuma kwa simu?"

"Kwa mdomo. Alishuka mapema leo. Huwa hashuki kabla ya saa tatu."

Masuda aliandika. Naftali alikuwa ameweka mikono juu ya meza ya kituo, viganja chini, kama mwanafunzi anayengoja kukaguliwa kucha.

"Ukurasa uliopotea ulikuwa na nini?"

"Mfalme ameketi. Mbele yake kuna mzee na punda, mzee anamlaumu mfalme. Mfalme amevua taji ameweka chini, anamsikiliza. Punda ana mguu mmoja mweupe."

"Umeutazama sana."

"Afande, masaa kumi na mbili kwa siku. Hakuna kiti. Simu hairuhusiwi. Redio hairuhusiwi. Ningetazama nini? Kila mwezi sir anafunua ukurasa mwingine, na mimi nakaa na huo mwezi mzima. Hicho kitabu nakijua kuliko wale wote wanaokuja kula tende."

"Uliona kitu chochote kwenye huo wa mwisho?"

Naftali alisita. "Yule mfalme. Anafanana na sir. Pua, ndevu, hata hilo doa. Jumapili nilimwambia. Nilisema, sir, huyu mfalme ni kama mmezaliwa tumbo moja. Nilikuwa namsifu tu."

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Aliniangalia hivi, akarudi ofisini akafunga mlango."

Masuda aliacha kuandika.

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Umeisha. Nasafiri Ijumaa. Tiketi sir mwenyewe amenunua, ndiyo sheria." Alimeza mate. "Afande, nikipatikana na makosa inakuwaje?"

"Jela. Kisha unafukuzwa nchini, na hurudi tena."

"Jela miaka?"

"Kwa kitu cha thamani hiyo, ndiyo. Miaka."

Mishipa ya shingo ya Naftali ilisimama, lakini sauti ilipotoka ilikuwa ileile ya upole, ya mtu anayewafungulia wengine milango.

"Hukukasirika?" aliuliza Masuda.

"Nikikasirika, afande, nitaonekana mwizi."

Masuda alitoka nje ya chumba kile, akasimama mbele ya mashine ya kahawa, akaipiga teke. Mashine ikatoa kahawa mbili. Msellem alichukua moja bila kusema neno.

*

Maabara ilileta majibu ya kwanza alasiri. Kisu hakikuwa na alama za vidole. Si za Naftali, si za mtu mwingine yeyote.

"Basi amekifuta," alisema Msellem.

"Amekifuta vizuri, halafu akakitia kwenye mfuko wake mwenyewe, juu ya ugali wake. Msellem, hata wewe usingeweza kuiba hivyo."

"Ahsante, Da Masuda."

Katika barua za ukumbi kulikuwa na jina la Daktari Amne, mtaalamu wa hati za kale kutoka Muscat, ambaye alitarajiwa Alhamisi. Masuda alimpigia.

"Umesema ukurasa gani umeibwa?" Daktari Amne aliuliza, na Masuda akamsikia akivuta kiti. "Wa mfalme wa nane? Haya. Haya, bwana."

"Nieleze kama unavyomweleza polisi."

"Utenzi unaitwa *Taji Saba*, mwanangu. Wafalme ni saba. Mwezi wa Februari Bwana Rafiq alitangaza magazetini kwamba katika nakala yake yumo wa nane, mfalme Farzam, na kwamba huyo Farzam ndiye babu wa ukoo wao."

"Inawezekana?"

"Inawezekana kama inavyowezekana siku ya nane katika juma. Nilimwandikia anikaribishe nikague. Akakataa. Nikaandika tena. Akakataa. Barua ya tatu niliwapelekea nakala wale waandishi wa habari, ndipo akasema karibu Alhamisi."

"Na ukurasa umeibwa Jumanne."

"Ndiyo. Bahati mbaya iliyopangika."

Masuda aliuliza huyo mfalme wa nane alikuwa na ubaya gani, mbali na kuzidi hesabu.

"Ubaya wake ni kwamba hana kosa," alisema Daktari Amne. "Wale saba wote wanaanguka, na kila mmoja anaangushwa na jambo dogo alilomfanyia mtu mdogo. Wa kwanza amempokonya mama mmoja kisima. Wa tatu amemsingizia mpishi wizi wa kijiko cha fedha, nuru ikamtoka palepale mezani, wageni wakaona. Farzam yeye anavua taji, anasikiliza, anapendwa, anakufa usingizini. Utenzi ule haukutungwa kumsifu mfalme, mwanangu. Ulitungwa kumtisha. Ulikuwa ukisomwa mbele yake akiwa amekaa, ili ajikune."

*

Jumatano saa mbili asubuhi Masuda alirudi ukumbini na fundi wa maabara. Waombolezaji walikuwa wameondoka. Rafiq alisimama pembeni na simu sikioni, akiwaambia watu wasiogope.

Masuda alivaa glavu, akafungua sanduku. Kiajemi hakukijua. Herufi alizijua, kwa sababu alifundishwa kusoma na bibi yake, aliyekuja na bati la biskuti kutoka Unguja, na ndani ya bati kulikuwa na utenzi ulioandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na babu wa babu. Bibi hakuruhusu mtu aufungue kabla ya kunawa.

Katika kila ukurasa wa kulia wa ule utenzi wa bibi, chini kabisa pembeni, palikuwa na neno moja dogo, peke yake, limekaa mlalo. Masuda alipokuwa na miaka sita aliuliza lile neno linafanya nini pale. Bibi akamwonyesha. Lilikuwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Zamani vitabu havikuwa na namba, na karatasi zikipeperuka mshonaji angezipanga vipi? Mwandishi alitangulia kuandika chini neno la ng'ambo, likushike mkono ukivuka.

Masuda aliinama juu ya kitabu cha Bwana Rafiq. Akafunua mbele. Neno dogo chini ya ukurasa wa kulia. Neno lilelile mwanzo wa ukurasa wa kushoto. Akafunua tena. Vilevile. Mara kumi na mbili, vilevile.

Kisha akafika kwenye jeraha.

Kulia kulikuwa na ukurasa unaotangulia. Kati ulisimama ule ukanda wa upana wa ukucha. Kushoto kulikuwa na ukurasa unaofuata. Masuda aliweka kidole cha glavu chini ya lile neno dogo la kulia, akakiinua polepole, akakivusha juu ya ukanda, akakishusha juu ya neno la kwanza la kushoto.

Lilikuwa neno lilelile.

Alirudia mara mbili zaidi. Alimwita Msellem, akamwambia atazame bila kupumulia karatasi.

"Yanafanana," alinong'ona Msellem.

"Mwandishi alimaliza ukurasa huu, akaenda moja kwa moja kwenye huu. Hakupita kwingine. Miaka mia sita iliyopita, kati ya kurasa hizi mbili hapakuwa na kitu."

"Sasa kimeibwa nini?"

"Hakijaibwa kitu. Kimetolewa kilichokuwa kimepachikwa."

Fundi wa maabara alimulika ule ukanda kwa taa yake ya zambarau, na mshono wote ukawaka weupe wa kung'aa. Alikata kipande kidogo kama chembe ya mchele. Saa moja baadaye alipiga simu kutoka maabara: karatasi ilikuwa imetengenezwa kwa mashine, ikazeeshwa kwa majani ya chai, na gundi ilikuwa ya aina inayouzwa pamoja na madaftari ya shule.

*

Jikoni, msichana wa kazi alikuwa anasuuza vikombe vilivyokwisha kuwa safi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Jina lako?"

"Yuliana. Natokea Singida."

"Yuliana, unasafisha nyumba yote ya juu?"

"Yote, afande. Na ya sir, na ya madam akiwepo."

"Tangu jana kuna mahali umekatazwa kusafisha?"

Yuliana alitazama mlango. Masuda akausukuma kwa kisigino ukafunga.

"Hakunikataza kusafisha," alisema Yuliana taratibu. "Ila viatu."

"Viatu vipi?"

"Kila asubuhi napiga rangi viatu vya sir. Jozi sita, hata kama havai. Jana asubuhi nimeenda kwenye kabati la viatu nikakuta limefungwa kwa ufunguo. Nikamwomba. Akasema khalas, basi, viatu vyangu nitapiga rangi mwenyewe." Alishusha sauti. "Afande, huyu baba maji ya kunywa analetewa kitandani. Glasi ikiwa upande wa kushoto ananiita niihamishie kulia. Leo apige viatu rangi? Mimi nilijua anaumwa."

Kibali cha upekuzi kilitoka saa nne na nusu. Saa tano kasoro dakika tano Msellem alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la viatu, na Bwana Rafiq alikuwa amesimama nyuma yake akisema maneno mengi juu ya mawakili. Boksi la kwanza lilikuwa na viatu. La pili lilikuwa na viatu. La tano, chini ya jozi ya ngozi ya kahawia ya Kiitaliano, ndani ya karatasi laini, alilala mfalme Farzam, mwadilifu wa waadilifu, akinukia soksi.

Alikuwa na pua ya Rafiq, ndevu za Rafiq, na doa.

"Kaa chini," alisema Masuda.

Rafiq alikaa kwenye kile kibao cha kuvalia viatu.

"Ulipaswa kuuchoma. Kwa nini hukuuchoma?"

Aliutazama ule ukurasa. "Ni uso wangu," alisema.

"Nani aliuchora?"

"Mwandishi wa hati, huko ng'ambo. Hana kosa. Nilimwambia ni zawadi ya kutundika ukutani. Nilimpelekea picha yangu."

"Nani aliubandika kitabuni?"

"Mimi."

"Kwa gundi ya shule."

Rafiq alisugua lile doa kando ya pua.

"Kwa nini pale?"

"Palikuwa pazuri. Kulikuwa na dhahabu nyingi pande zote mbili."

"Hukusoma kilichokuwa kikielezwa pale?"

"Kiajemi cha zamani sikisomi."

Msellem, aliyekuwa bado amepiga magoti kati ya viatu, aliinamisha kichwa kwa heshima zote.

"Una kitabu hiki miaka mingapi?" aliuliza Masuda.

"Kumi."

"Na kila Alhamisi unawasomesha watu."

"Kuna tafsiri," alisema Rafiq. Kisha, ghafla, yakamtoka yote, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Baba yake aliuza mazulia miaka hamsini. Alimwona akipiga magoti kuyakunjua mbele ya wateja wasionunua. Alipohamia Dubai na kujenga majengo manne, watu bado walimwita mtoto wa muuza mazulia, nyuma ya mgongo wake, katika nyumba zao, wakila chakula chake. Alitaka mfalme mmoja tu katika ukoo. Mmoja. Alimweka mwema, hakumdhuru mtu. Kisha yule mwanamke wa Muscat akaanza kuandika barua. Ukurasa ukiibwa, picha zingebaki magazetini, na hapangekuwa na cha kukagua.

"Na ukihitaji wizi, unahitaji mwizi," alisema Masuda. "Kwa nini Naftali?"

"Alikuwa anaondoka tu."

"Rudia."

"Ana tiketi ya Ijumaa. Nilidhani watampandisha ndege tu, yalla, kwao. Angeondoka Ijumaa hata hivyo. Hangepungukiwa na kitu."

Masuda alifunika boksi la viatu kwa kishindo.

"Angeoza jela," alisema. "Miaka. Ulikuwa unajua, kwa sababu wewe na rafiki zako mlimpigia mkuu wangu mara tatu kuhimiza jalada liende. Angetoka humo na jina la mwizi, asipate kazi hata ya kulinda kuku. Hukumchagua kwa sababu anaondoka."

"Wamekuja wageni mia mbili," alisema Rafiq, akitazama viatu. "Maprofesa. Mabalozi. Wote wamepita mbele ya kile kioo, wakasema ni kizuri, wakaenda kwenye tende. Mlinzi wangu ndiye peke yake aliyetazama. Angemwambia yule mwanamke. Angemwambia huku akitabasamu, akidhani ananisifu."

"Hilo sasa ndilo jibu," alisema Masuda. "Koplo, andika."

*

Kituoni, saa sita na robo, mkuu hakupiga simu.

Bwana Rafiq alikuwa na wakili tayari, na wakili alikuwa na pendekezo. Mteja wake anafuta malalamiko. Pasipoti hii hapa, mezani. Kijana aende zake Ijumaa, aungane na familia yake, mambo haya ya nyumbani yaishe kwa amani. Mteja wake, alisema wakili, ameumia sana moyoni.

Naftali aliitazama pasipoti. Hakuigusa.

"Afande, nikiandika mashtaka dhidi yake, inakuwaje?"

"Kumsingizia mtu kosa ni kosa. Kumfungia mtu ni kosa. Kumshikia pasipoti pia." Masuda aliongea polepole. Alitaka sana kusema jingine, na kazi yake haikumruhusu. "Lakini wewe ndiye mlalamikaji na shahidi. Utabaki hadi kesi isikilizwe. Wiki nyingi. Pengine miezi. Ukiondoka, wakili atasema ulikuwa utani wa nyumbani, na atasikilizwa. Siwezi kukushauri. Chagua mwenyewe."

"Naomba simu."

Aliiweka mezani, sauti ya juu, kwa sababu vidole vilikuwa bado vimevimba na hakuweza kuishika vizuri. Mkewe, Mirriam, alipokea kule Bungoma mlio wa kwanza. Naftali alimweleza yote kwa mpangilio, kama anavyotoa taarifa ya zamu. Kitabu. Kisu. Stoo.

"Stoo ya nini?" aliuliza Mirriam.

"Ya mafagio."

"Walikukalisha wapi?"

"Kwa ndoo."

"Na mikono?"

"Walifunga."

Msellem akainama kuangalia kama laini imekatika.

"Wanasema naweza kuja Ijumaa, mama Terry," alisema Naftali. "Au nibaki niandike mashtaka. Terry amekuwa akihesabu siku."

"Terry nitaongea naye mimi. Huyo mtu yuko hapo?"

"Yuko."

"Anasikia?"

Rafiq alitazama ukuta.

"Anasikia."

"Basi asikie. Tulinunua mbuzi wa kukupokea, amefungwa hapa nyuma ya jikoni. Akingoja ataongeza nyama. Andika, baba Terry. Andika na usiache kitu, hata hiyo ndoo uiandike rangi yake."

Laini ikakatika. Wakili alianza kukusanya karatasi zake. Naftali alivuta kiti, na kwa mara ya kwanza tangu jana asubuhi uso wake ulikuwa umekunjamana wazi, taya limekaza, macho mekundu, bila kumwomba mtu yeyote radhi. Alijaribu kalamu ya kituo, ilikwaruza. Akairudisha.

"Nipe nyingine," alimwambia Inspekta. "Hii itaniishia njiani."

Masuda akampa ya kwake. Kufika saa kumi alasiri alikuwa amejaza kurasa nne, na katika maelezo yake alikuwa ndiyo kwanza amefika pale mikono yake inapotolewa kwenye utepe.